Diski Ipo, Kompyuta Haiioni

Dunstan Mwakibete,
Langley Park, Maryland.
Jumamosi, 18 Aprili 1998

Ndugu Leonard, Mhariri wa Jirani, jarida la jumuiya yetu,

Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha kulia, ambacho nitakieleza kwenye lalamiko la pili. Nakusihi uisome barua hii ukiwa umekaa.

Nimekuwa msomaji wako tangu toleo la kwanza, lile la karatasi za kijani, na sijawahi kulalamika. Mlipoandika kwamba Mbeya iko kusini mwa Malawi, nilinyamaza. Mlipoichapisha picha yangu ya sherehe ya Muungano na kuandika chini yake "Mama Queen akihutubia", nilinyamaza pia, ingawa mke wangu Bupe alicheka wiki nzima. Lakini safari hii jarida lako limeingia nyumbani kwangu, limenifungulia kompyuta mezani, kisha limeondoka. Hapo siwezi kunyamaza.

Kwa kuwa naomba barua hii ichapishwe, niwaeleze kwanza wasionijua. Siku za kazi nasambaza barua katika ofisi moja ya mawakili mjini Washington. Siku za mapumziko napiga picha makaburi. Tangu mwaka 1986 nimekuwa nikiandika orodha ya watu wetu waliozikwa huku, Maryland, Virginia na mjini. Kila marehemu ana ukurasa wake ndani ya kompyuta: jina, kwao, picha ya kaburi, na maelekezo ya kufika, ushuke kituo gani cha basi na uhesabu safu ngapi kutoka getini. Naifanya kazi hii kwa sababu ndugu zao nyumbani huuliza. Mama mmoja wa Iringa aliniandikia kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akimwombea mwanawe akiwa ameelekea magharibi, kwa kukisia tu. Sasa ana ukurasa, ameubandika ukutani.

Mwezi Februari kompyuta ilijaa. Ilijaa kwenye kaburi la sitini na tatu. Wa sitini na nne alikuwa dada yetu Genoveva, aliyekuwa akitunza wazee kule Oxon Hill, na ambaye nusu yenu mnamkumbuka kwa sababu alikuja kukaa na wagonjwa wenu bila kuitwa. Alifariki tarehe 23 Februari. Mama yake yuko Bukoba, anasubiri ukurasa. Nilifuta michezo yote ya binti yangu Anitha, naye hakuzungumza nami siku mbili, na nafasi niliyopata haikutosha hata nusu ya picha.

Ndipo lilipotoka toleo lako la Machi, na ndani yake makala ya Ndugu Cheruiyot, "Ongeza Diski Mwenyewe kwa Dakika Ishirini". Cheruiyot ni mtu wa Kericho, anafanya kazi ya kompyuta huko Sterling, na alikuwa rafiki yangu kwa miaka minane. Nimesema alikuwa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu dakika ishirini. Leo ni siku ya ishirini na tisa.

2. Kuhusu maelekezo yenyewe. Jumamosi ya tarehe 21 Machi, nikiwa nimeshanunua diski mpya ya kuongeza nafasi, baada ya chai nililaza kompyuta juu ya meza ya chakula na kuifungua kama makala ilivyoagiza. Nilichomoa umeme. Niligusa chuma ili kutoa umeme wa mwilini, jambo ambalo mama mkwe wangu, aliyekuwa kwenye simu kutoka Tukuyu, aliliulizia sana. Niliichukua diski mpya kwa kingo zake, kama mtu anayebeba yai. Niliiweka chini ya ile ya zamani, nikaifunga kwa skrubu nne, nikachomeka ule waya mpana bapa ambao tayari ulikuwa umeshika diski ya zamani, nikachomeka na waya wa umeme. Makala ilimalizika kwa maneno haya, na ninayanukuu: "Ukishafika hapa, rudisha mfuniko." Nilirudisha mfuniko. Nukta.

Niliwasha. Kompyuta ilihesabu kumbukumbu zake, ikaitaja diski ya zamani kwa jina lake lote na namba zake, ikaendelea na shughuli zake. Diski mpya haikutajwa.

Nilimwita Anitha, ana miaka kumi na mitano, anaelewa Kiswahili chote ila hujibu anavyotaka.

"Tazama kama diski ipo."

"Haipo, Dad."

"Ipo. Nimeifunga mimi kwa mikono yangu."

"I know. Lakini yeye haioni."

Nilifungua tena, nikasukuma waya, nikafunga, nikawasha. Nilifanya hivyo mara tisa siku hiyo. Mara ya sita ukingo wa mfuniko ulinikata kidole gumba, na Bupe alinifunga kitambaa huku akiuliza kama chakula cha mchana kitaliwa mezani au sakafuni. Tulikula sakafuni. Hadi leo tunakula sakafuni, hata Pasaka tuliila hapo.

3. Kuhusu wataalamu ambao jarida lako limenisababishia. Habari zilipoenea kwamba kwa Dunstan kuna diski isiyoonekana, watu walianza kuja kuiona. Mwita, anayeendesha teksi, aliipiga kompyuta kofi mbavuni na kusema, "Gari likigoma hivi, ni betri." Nilimwambia haina betri. Alinitazama kwa huruma, akaipiga kofi la pili.

Ndugu Phineas wa ubalozini alikuja na tai. Alivaa miwani, akaomba makaratasi ya diski, akayasoma mbele na nyuma, kisha akatoa maoni kwamba kifaa kilichotengenezwa nchi nyingine na kuingizwa katika mashine ya nchi hii hakiwezi kutambuliwa siku hiyo hiyo. "Kutambuliwa ni mchakato, ndugu yangu," alisema. "Mimi mwenyewe nilisubiri miezi saba." Alikunywa chai vikombe vitatu na akaahidi kulifuatilia suala hilo. Sina shaka analifuatilia.

Sitaki kuwataja wengine. Nitasema tu kwamba diski yangu imeshaombewa, imepulizwa, imewekwa juani dirishani kutwa nzima, na imetuhumiwa na jirani mmoja kuwa ya kike. Bupe peke yake ndiye aliyesema jambo la maana: "Mpigie simu aliyeandika."

4. Kuhusu simu hiyo. Nilimpigia Cheruiyot Jumamosi ya tarehe 28 Machi. Nitaandika maneno yetu kama yalivyosemwa, ili wanachama wahukumu.

Alisema, "Mzee, hiyo kitu ni rahisi. Ile kipini uliitoa?"

Nilimuuliza, "Kipini gani?"

"Ile kapini kadogo ka plastiki huko nyuma ya diski. Si niliandika?"

"Hukuandika."

"Niliandika, Mzee. Umesoma yote?"

Ndugu Mhariri, mimi nilifundisha jiografia kwa miaka kumi na moja kabla sijaja huku. Kuniuliza mimi kama nimesoma yote! Nilimwambia nimeisoma mara nne, ya mwisho kwa sauti mbele ya mke na binti, na hakuna kipini.

"Basi labda umesahau," alisema.

"Sijasahau. Wewe umekumbuka leo jambo ambalo hukuliandika, na sasa unataka makosa yawe yangu. Huo ni uongo, Cheruiyot."

Halafu akasema, taratibu kabisa, "Mimi sijawahi kukudanganya, Dunstan." Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina kavu. Nikakata simu.

Huenda msomaji atauliza kwa nini sikukigusa hicho kipini nikaona kinachotokea. Nimekiona. Kipo, kidogo kuliko punje ya mchele, nyuma ya diski, kama alivyosema. Sijakigusa na sitakigusa. Kukigusa ni kukiri kwamba aliandika, na hakuandika. Bupe anasema huo ni ukaidi. Nimemweleza kwamba ni msimamo.

5. Kuhusu arobaini ya Genoveva. Hili ndilo linaloniuma, na nakuomba usilipunguze maneno.

Misa ilikuwa Jumamosi tarehe 4 Aprili, saa nne asubuhi, kule kule Oxon Hill. Tangazo nililiandika mimi mwenyewe na nilikuletea mkononi kwa ajili ya toleo lile lile la Machi, pamoja na msalaba mdogo niliouchora juu yake kwa rula. Jarida linafika katika nyumba themanini. Tulikuja watu saba. Saba, Ndugu Mhariri, na watatu kati yao ni sisi wa nyumbani kwangu, wengine wanne niliwapigia simu kuomba wanisaidie kubeba viti. Viti vilikuwa sitini. Tulivipanga vyote, na baada ya misa tulivikunja vyote. Padri aliniuliza kama marehemu alikuwa mgeni huku.

Mgeni! Alikaa Maryland miaka kumi na mitatu. Mama yake Cheruiyot alipokuja kutoka Kericho akaugua miguu, ni Genoveva aliyekuwa akipanda mabasi mawili kila Jumatano kwenda kumkanda, hadi bibi yule aliporudi kwao akitembea. Na siku ya arobaini Cheruiyot hakuonekana, wala mkewe Jelagat hakuonekana.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, watu wale wale ambao hawakuja walinishika mkono na kusema, "Dunstan, toleo la Machi lilikuwa zuri sana, tumelisoma lote." Mama Queen alisema amelisoma mara mbili. Kwa hiyo hawawezi kujitetea kwamba hawakujua. Walisoma tangazo, wakaona jina lake, wakageuza ukurasa. Sikuwahi kufikiri kwamba watu wetu wamefikia hapo.

6. Kuhusu uhusiano wa mambo haya. Baadhi yenu mtasema diski na arobaini ni vitu viwili tofauti. Sikubaliani. Mwenye kuandika makala na kuficha kipini ndiye huyo huyo mwenye kusoma tangazo la msiba na kubaki nyumbani. Kwa mantiki hiyo, na baada ya kutafakari kwa utulivu, naomba yafuatayo:

Kwanza, Jirani liombe radhi ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa zisizopungua zile zilizotumika kutangaza mashindano ya bao.

Pili, Cheruiyot anyang'anywe safu ya kompyuta, apewe mtu wa mapishi. Anayeandika mapishi akiacha chumvi, watu hujua siku hiyo hiyo.

Tatu, asiwe mshereheshaji wa sherehe ya Muungano tarehe 26, hata kama kadi zimeshatoka. Mtu anayekuacha katikati ya kompyuta atamwacha mgeni rasmi katikati ya hotuba.

Nne, uitishwe mkutano mkuu wa dharura, upige kura kwamba diski yangu ipo. Nina hakika ya theluthi mbili. Matokeo yaandikwe, yapigwe muhuri wa jumuiya na yasomwe mbele ya kompyuta. Ndugu Phineas anaweza kuyafuatilia.

Tano, majina ya wote ambao hawakuja kwenye arobaini yabandikwe mlango wa ukumbi. Nami nitayanakili kwenye orodha yangu, upande wa nyuma. Siku yao itakapofika, maana itafika, sitakwenda na kamera. Familia zao ziniandikie kutoka Moshi, Kisumu na Lubumbashi. Nitawajibu kwa heshima kwamba ndugu yao amezikwa upande wa magharibi, wakisie. Kuhusu Cheruiyot nimeshaamua. Kwake nitakwenda, nitatembea hadi kaburini kwake, na nitapiga picha kaburi la jirani yake.

Ndugu Mhariri, natambua kwamba maneno haya ni makali. Nimeyaandika bila hasira. Ningependa yafike kwa kila mwanachama, na kwa kuwa sitaki kukutegemea wewe tu, natoka sasa hivi kwenda kutoa nakala themanini kwa gharama zangu, kwenye lile duka la University Boulevard, nizitie kwenye bahasha zao mmoja mmoja.

Msalimie mkeo na watoto. Wasalimie akina Mama Queen, ingawa wanajua walichofanya. Msalimie Mwita, umwambie si betri. Wasalimie na wale wanne waliobeba viti, hao kwa dhati kabisa.

Aliye mwanachama wako mwenye uchungu,

Dunstan Mwakibete

Nyongeza, saa kumi na moja jioni, siku hiyo hiyo:

Ndugu Leonard, sikutoa nakala.

Kama unavyojua, ingawa wasomaji wengi hawajui, kazi ya kutoa nakala za Jirani, kuzipanga na kuzipiga pini ni yangu tangu mwanzo. Leo nilipofika dukani, mwenye duka, yule bwana wa El Salvador, aliniona na barua mkononi akainua kidole kama mtu aliyekumbuka kitu. Aliinama chini ya kaunta akatoa karatasi moja yenye vumbi. Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga alinieleza kwamba juzi walisogeza mashine kubwa ya nakala ili wafagie, wakaikuta imeangukia nyuma yake. Hakujua lugha yake, lakini aliona juu yake kuna mchoro wa nyaya na chini kuna msalaba, akasema karatasi yenye msalaba haitupwi.

Ilikuwa ukurasa wa sita wa toleo la Machi. Nakala halisi. Haikuwahi kupita kwenye mashine.

Nusu ya juu ni makala ya Cheruiyot ikiendelea. Inaanza hivi: "Lakini kabla ya kurudisha mfuniko, hakikisha umekihamisha kile kipini kidogo cha plastiki nyuma ya diski mpya." Ameeleza kila kitu. Diski zote hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kama mkubwa, na zinapokaa mbili kwenye waya mmoja, mpya isipobadilishwa kuwa mdogo, kwa kukihamisha kipini hicho, haionekani. Baada ya hapo ameandika namna ya kuitayarisha ili ipokee vitu. Kuna hadi mchoro. Amechora vizuri.

Nusu ya chini ni tangazo la arobaini.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, basi lilinipita mara mbili. Nilichukua lile toleo ambalo nimelisoma mara nne nikatazama namba za kurasa. Nne, tano, saba. Sikuwahi kulitafuta tangazo langu humo, nilijua nimeandika nini. Nyumba themanini zimelisoma lote, wengine mara mbili, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba sita haipo. Siwezi kuwacheka. Mimi ndiye niliyelipiga pini mara themanini.

Bupe aliusoma ukurasa kwa sauti, nami nikakihamisha kipini kwa kibano chake cha nyusi. Kazi yote ilichukua dakika kumi na sita. Anitha aliwasha, akasema, "Iko." Genoveva ameingia, wa sitini na nne, picha nzima na maelekezo. Mama yake atapata ukurasa wake.

Kisha nilimpigia Cheruiyot. Nilisema, "Uliandika." Alisema, "Niliandika." Nikamuuliza mbona hata yeye hakuona kwamba nusu ya makala yake haimo, akasema hakuisoma, si aliiandika mwenyewe. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Arobaini ya Genoveva imesogezwa hadi lini? Jelagat alitafuta kwenye jarida, hakuona. Na wewe ulikuwa hutaki kuongea."

Ilibidi nimwambie kwamba ilikuwa tarehe nne. Nikamsikia akimwambia Jelagat. Kisha akasema watakuja kesho mchana, yeye na Jelagat, niwapeleke kaburini. Bupe ameshaanza kusafisha meza.

Naondoa lalamiko la kwanza hadi la sita. Naondoa maombi yote matano. Kuhusu kaburi la jirani, naomba hasa lisifike kwake. Nilitaka kuichana barua hii, lakini Bupe amesema niitume kama ilivyo, kwa sababu wewe kama mhariri una haki ya kujua kilichotokea kwa ukurasa wako, na kwa sababu, anasema, nisipoituma nitaandika nyingine.

Naituma. Kama utaona ni lazima ichapishwe, sitapinga. Ninaomba tu iwekwe ukurasa wa sita, na kazi ya kutoa nakala uniachie mimi kama kawaida.

D. M.